Nilivyoweka Linux kwenye diski ya nje bila kuigusa Windows ya kaka

Kompyuta mpakato ninayoitumia nyumbani, Nkuhungu hapa Dodoma, si yangu. Ni ya kaka yangu, ambaye anauza pembejeo karibu na soko la Majengo na ametunza humo hesabu zote za duka, kuanzia madeni ya wakulima wa zabibu hadi risiti za kila siku. Nilipoanza masomo ya uzamili ya takwimu aliniruhusu kuitumia usiku kwa sharti moja: "Tumia, mdogo wangu, lakini asubuhi nikiiwasha niikute kama nilivyoiacha." Nami nilihitaji Linux, mfumo endeshi tofauti na Windows, kwa kuwa programu tulizopewa za kuchambua takwimu za mvua ziliandikwa kwa ajili ya mfumo huo. Kuigawa diski ya ndani ili mifumo miwili ikae pamoja, kama wengi wanavyofanya, kungekuwa kulivunja sharti kabla sijaanza. Kuwashia kwenye flashi ya kusakinishia nako hakukunifaa, maana ukizima kompyuta, kazi uliyoiacha humo inapotea. Njia iliyobaki ilikuwa kuusakinisha mfumo kamili kwenye diski ya nje.

Diski ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya kuzunguka, ya GB 500, niliyokuwa nikihifadhia picha. Mfumo uliwaka, lakini kwa ukaidi kiasi kwamba niliweza kubandika chai, kuiepua na kurudi kabla sijaombwa nenosiri. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, kwani nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde, ilhali upande wa pili wa kompyuta palikuwa na tundu la buluu la USB 3.0 linalofikia gigabiti 5. Kuhamia tundu hilo kulisaidia kidogo tu, kwa sababu mfumo endeshi husoma mafaili madogo maelfu kwa maelfu, na kichwa cha diski ya kuzunguka hulazimika kulifuata kila moja lilipo. Nilijinyima, nikanunua SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 240 pamoja na kasha lake la USB, na tangu hapo sijaona haja ya kulalamikia kasi.

Kilichonitesa zaidi hakikuwa kasi. Nilipakua Ubuntu 22.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, faili la karibu GB 5 ambalo lilimaliza bando langu la wiki, nikaliandika kwenye flashi, nikasakinisha nikiwa mwangalifu kuchagua SSD ya nje kila nilipoulizwa. Usiku ule kila kitu kilikwenda sawa. Asubuhi nilichomoa SSD yangu nikaiweka mkobani, na muda mfupi baadaye kaka akaniita kwa sauti ya chini, ile anayoitumia akiwa amekasirika kweli: "Hebu njoo uone." Skrini ilikuwa nyeusi, ina neno moja tu, grub, na alama ya kungojea amri.

Hesabu zake hazikuwa zimeguswa. Nilizima, nikawasha tena huku nikibonyeza F12, na katika orodha iliyotokea nikachagua Windows Boot Manager. Mfumo wake ukafunguka kama kawaida, nami nikapumua. Ila nililazimika kuelewa kilichotokea. Kompyuta za UEFI, yaani zenye utaratibu mpya wa kuwashia, huwa na sehemu ndogo ya diski, iitwayo EFI, inayohifadhi programu za kuwashia mifumo. Mfumo wangu wenyewe ulikuwa umeingia kwenye SSD kama nilivyotaka, lakini programu yake ya kuwashia, GRUB, iliwekwa katika sehemu ya EFI iliyokwishakuwapo, yaani ile ya diski ya ndani, na ikajiweka ya kwanza katika foleni. SSD ilipoondoka, GRUB ikabaki kwa kaka ikitafuta mafaili yaliyokuwa mkobani mwangu.

Jioni hiyo nilirudia kazi yote. Kwanza nilimwomba kaka anakili mahali salama ufunguo wa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, wenye tarakimu 48, kwa kuwa Windows inaweza kuudai pale mpangilio wa kuwashia unapobadilika. Kisha niliwasha kwa flashi na, kabla ya kugusa kisakinishi, nikafungua GParted, programu ya kugawa diski, na kuiondolea sehemu ya EFI ya ndani alama zake mbili, boot na esp, ili isitambulike kwa muda. Kwenye SSD niliunda sehemu ya MB 512 yenye mpangilio wa mafaili wa FAT32, nikaipa alama hizohizo. Nikatenga GB 40 za exFAT, na nafasi iliyobaki nikaifanya ext4, mpangilio wa Linux, kwa ajili ya mfumo. Baada ya kusakinisha nilirudisha alama za diski ya ndani, na nikaondoa jina la Ubuntu la awali katika foleni ya kuwashia. Nilihakikisha pia kwamba kwenye SSD kuna faili la BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT, kwa sababu hilo ndilo ambalo kompyuta za aina hii hulitafuta zinapokutana na diski zisizoifahamu.

Nilidhani nimemaliza, hadi kaka aliponiuliza kwa nini risiti za saa nne asubuhi zinaandikwa saa moja. Linux huitunza saa ya kompyuta kwa majira ya UTC, saa ya kimataifa, na kuongeza saa tatu za Tanzania inapoionyesha. Windows huisoma saa hiyohiyo ikidhani tayari ni ya hapa. Amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, iliifanya Linux ifuate desturi ya mwenye nyumba. Linux yenyewe hutoa onyo dhidi ya mpangilio huo, ambao una shida mahali panapobadilishwa saa kwa misimu, lakini Dodoma haibadilishi saa.

Kebo bado ni udhaifu. Mpwa wangu aliwahi kuipiga teke nikiwa katikati ya kazi, na mfumo ukaganda palepale, maana ulikuwa umenyang'anywa diski unamoishi. Ulipowaka tena ulijikagua na kuendelea, ila aya mbili ambazo sikuwa nimezihifadhi zilipotea. Sasa SSD naifunga kwa utepe nyuma ya skrini.

Zile GB 40 za exFAT, ambazo mifumo yote miwili huzisoma, ndizo zilizomaliza kinyongo. Kila Ijumaa kaka hunakili humo hesabu za duka, na nikichelewa kumpa diski hunipigia simu kuulizia.