Nilivyoifundisha BIOS Kuitambua Prosesa ya Seva

Mwaka 2015 niliamua kuipa uhai mpya kompyuta yangu ya mezani yenye soketi ya LGA775 (tundu la kukalia prosesa kwenye ubao mama), na prosesa niliyoichagua haikutengenezwa kwa ajili ya soketi hiyo. Ilikuwa Xeon E5450 ya Intel, prosesa ya seva yenye viini vinne, mwendo wa gigahezi 3.0, kache ya megabaiti 12 na basi ya mfumo ya megahezi 1333. Anayezifahamu prosesa za kizazi kile ataona mara moja kwamba hizo ndizo sifa za Core 2 Quad Q9650, iliyokuwa kileleni mwa ukoo wake. Tofauti ni kwamba Q9650 iliendelea kugombaniwa na kila mwenye ubao mama wa LGA775, ilhali seva za LGA771, soketi ya Xeon hii, zilikuwa zinaondolewa kazini kwa wingi na prosesa zake hazikuwa na mtu wa kuzitaka.

Kazi ya mikono sitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ilikuwa nyepesi. Soketi hizo mbili zinafanana mno, ila pini mbili zimebadilishana nafasi, na vijino vya plastiki vinavyozuia prosesa isiwekwe kinyume viko mahali tofauti. Stika nyembamba yenye njia za shaba ilizirudisha pini mahali pake, wembe ukaondoa vijino, na prosesa ikakaa.

Kompyuta iliwaka, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, iliandika kwenye skrini ya mwanzo kwamba prosesa haijulikani, kisha ikaiendesha kwa gigahezi 2.0 tu, kwa sababu kizidishi, namba inayozidishwa na mapigo ya msingi ili kupata mwendo wa prosesa, kilikwama kwenye 6 badala ya kupanda hadi 9. Mfumo endeshi ulipofunguka, maagizo ya SSE4.1, ambayo familia hiyo ya prosesa inayo, hayakuwamo katika orodha ya uwezo wake. Vifaa vyote vilikuwa vizima. Kilichokosekana kilikuwa maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani kabisa yanayoiongoza prosesa.

Tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, prosesa za Intel hupokea viraka vya maikrokodi vinavyosahihisha au kubadili namna zinavyofanya kazi ndani kwa ndani. Viraka hivyo havihifadhiwi ndani ya prosesa. Umeme ukizimwa hupotea, na ni jukumu la BIOS kuvipakia upya kila mara kompyuta inapowashwa. Kila kiraka hutanguliwa na kichwa cha baiti 48 kinachotaja, pamoja na mambo mengine, sahihi ya prosesa kinayoihusu na aina ya jukwaa lake. Nilipoichambua BIOS ya ubao wangu nilikuta kiraka chenye sahihi 1067A, ambayo ndiyo hasa sahihi ya E5450 yangu, na kwa kitambo nilishindwa kuelewa kwa nini hakitumiki. Jibu lilikuwa kwenye jukwaa: kiraka kile kilikuwa cha jukwaa 11, yaani prosesa za mezani, na Xeon yangu ilihitaji 44. Ilikuwa sawa na kumpa mtu barua ya utambulisho iliyoandikiwa pacha wake.

Kishawishi cha kubadili namba hiyo moja kwenye kichwa cha kiraka na kusawazisha jumla ya ukaguzi (namba inayothibitisha kwamba data haijabadilika) kilikuwapo, na nilikikataa. Kiraka halisi cha jukwaa 44 kilikuwapo ndani ya faili ambalo Intel yenyewe hulitoa hadharani kwa watumiaji wa Linux, kwa hiyo sikuona sababu ya kughushi kitu kinachopatikana kihalali. Nilikitoa humo: sahihi 1067A, toleo A0B, tarehe 28 Septemba 2010, ukubwa baiti 8192.

Baiti 8192 si kitu kwenye diski, lakini ndani ya chipu ya BIOS ya megabaiti moja, ambayo watengenezaji walikuwa wameijaza karibu yote, ni mzigo. Moduli ya CPUCODE.BIN, sehemu ya BIOS inayotunza viraka hivyo, ilikuwa imesheheni viraka vya Pentium 4, Pentium D na Celeron za zamani, na ilinibidi nichague vipi vitoke. Niliviondoa vile vya prosesa ambazo nilikuwa na hakika sitazitumia kamwe kwenye ubao ule, nikakiacha kiraka cha prosesa yangu ya zamani ili niweze kurudi nyuma nikilazimika, kisha nikairudisha moduli mahali pake kwa programu ya CBROM. Kuhariri kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii.

Muda wangu mwingi uliishia kwenye tahadhari, na sioni kwamba ulipotea. Chipu ya ubao ule ilikuwa ya miguu minane na ilichomoka kwenye soketi yake bila kuhitaji kuchomelewa, kwa hiyo niliisoma kwa CH341A, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, zaidi ya mara moja, nikalinganisha nakala hadi nikaridhika kwamba hazikutofautiana hata biti moja. Kabla ya hapo nilikipima kifaa chenyewe kwa multimita, kwa kuwa baadhi yake hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data za chipu ya volti 3.3. Kisha, badala ya kuandika juu ya chipu ya asili, niliandika BIOS mpya kwenye chipu nyingine tupu ya aina ileile. Wapo wanaoandika moja kwa moja wakiwa ndani ya mfumo endeshi. Wana ujasiri ambao mimi sina haja nao.

Safari hii jina la Xeon E5450 lilitokea lote kwenye skrini ya mwanzo. Kizidishi kilifika 9, SSE4.1 ikaonekana, na Linux ikataja toleo la maikrokodi kuwa 0xa0b. Niliiachia prosesa kazi nzito usiku kucha, na feni ya zamani ikamudu joto bila taabu, jambo lisiloshangaza kwa sababu E5450 imekadiriwa wati 80 wakati Q9650 ni wati 95.

Kompyuta hiyo iliendesha mashine pepe zangu (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) kwa miaka kadhaa. Mwanzoni mwa mwaka 2018 udhaifu wa Spectre, kasoro ya usalama katika prosesa nyingi, ulipotangazwa, nilianza kufuatilia kama kungekuwa na kiraka kipya cha kuweka badala ya kile cha 2010, nikiwa tayari kabisa kurudia zoezi lote. Mwezi Aprili mwaka huohuo Intel iliziweka prosesa za kundi la Harpertown, ambamo E5450 imo, katika orodha ya zile ambazo viraka vyake vimesitishwa. Niliiondoa kompyuta kwenye intaneti, nikaibakiza kwa kazi zisizohitaji mtandao.