Gawa kwa 500: tulivyoidai kapitesheni ya shule yetu

Kuna watu bado wananiambia eti hela haisaidii kitu shuleni, tatizo ni walimu wavivu. Wengine wanasema tutulie tusubiri bajeti ya Dodoma. Wote nawabishia, maana mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi huku Morogoro vijijini na tumeiongeza hela ya serikali kwenye akaunti ya shule kwa kuifuatilia sisi wenyewe.

Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, serikali inatoa kapitesheni, yaani ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi. 4,000 inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 inakuja shuleni, yaani 500 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, rimu, mitihani, mpaka kitasa cha ofisi. Na hiyo elfu kumi ni kiwango cha enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, rimu ya wakati ule na ya leo wapi na wapi! Lazima kiwango hicho kiongezwe, nalisema kila mkutano.

Ushauri wa kwanza tuliopewa, tena na watu wazima wenye heshima zao, ni tumwite mheshimiwa. Basi tukamwita. Kina mama wakapika pilau, watoto wakafundishwa ngonjera wiki nzima badala ya kusoma, turubai likakodiwa, tukatumia kama laki tatu hivi za michango. Akaja saa tisa wakati tulimtegemea saa nne, akasifia ngonjera, akaahidi mifuko mia ya saruji, akapiga picha na darasa la kwanza akaondoka. Saruji haijafika mpaka leo, na hata ingefika isingenunua karatasi hata moja ya mtihani. Ushauri huo bado unaniuma.

Dawa ilitoka kwa mama mmoja mjumbe wetu, ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa, mahesabu yako kichwani. Mwalimu mkuu alipotusomea kilichoingia mwezi ule, laki tatu na arobaini, yule mama akasema gawa kwa 500. Tukapata 680. Kila mtu akatazamana na mwenzake, maana shule ina watoto zaidi ya 900! Kumbe mfumo wa takwimu za wanafunzi ulikuwa na idadi ya zamani, kabla watu hawajahamia huku kwa wingi. Kama laki na ushee inatupita kila mwezi.

Tukachagua siku ya mtihani, maana ndio siku watoto wanajaa, tukahesabu darasa kwa darasa, kila mwalimu akasaini orodha yake na afisa elimu kata akiwepo. Tukazipeleka halmashauri, tukaambiwa subirini zoezi lijalo la takwimu. Sawa, lakini tukaomba nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usiondoke ofisini bila muhuri! Takwimu zilipohuishwa, hela ikapanda.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Wazazi waliposikia hela imeongezeka wakaanza kulegea, mwingine hanunui hata daftari. Hili si letu peke yetu: kwenye utafiti wa KiuFunza wa 2013 na 2014, uliojaribu kupeleka ruzuku na bonasi shuleni, shule 350 hapa hapa Tanzania, shule zilizopewa ruzuku tupu ufaulu haukupanda, na wazazi walipunguza matumizi yao kwa watoto. Zilizopewa ruzuku pamoja na bonasi kwa walimu kulingana na watoto wanaofaulu ndio zilipanda. Hela inahitaji mtu wa kuisukuma mpaka kwa mtoto. Sisi bonasi hatuna, ila tulibandika mapato na matumizi ukutani, tukakubaliana mahindi na maharage ya chakula cha mchana yaendelee kutoka nyumbani, na nyongeza yote iende kwenye karatasi za majaribio ya kusoma kila wiki, darasa la pili na la tatu. Mwalimu anasahihisha, jina la asiyejua kusoma linajulikana wiki ile ile, sio kusubiri darasa la nne akishafeli upimaji wa taifa. Watoto wa la tatu sasa wanasoma aya nzima bila kushikwa mkono, njooni muwasikilize.

Kilichobaki ni boma letu la madarasa mawili, wananchi tumelifikisha kwenye renta, juu ya milango na madirisha. Barua ya kuomba hela ya kumalizia iko halmashauri, na nakala yetu ina muhuri.