Kesho mwanangu anawekewa mpira wa kulishia tumboni

Hatimaye ule mpira wa puani unaondoka. Mashavu yamemchubuka kwa plasta, na kila akiuchomoa ni vilio upya kuurudisha. Huu mwingine utapita kwenye tundu dogo la tumbo moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa chakula. Nimepakia nguo za kufunguka mbele, zisizobana. Maziwa ya kopo tumeambiwa yakome masaa 6 kabla ya dawa ya usingizi. Hapo ndipo patashika, maana akiona chupa hasikii la mtu!

Na mnaoniuliza kama hatakula tena kwa mdomo: atakula, kadiri atakavyomeza bila kupaliwa. Mpira unajazia tu. Mliopitia haya, usiku wa kwanza mlimlazaje asiuvute?