Barabara ya Majengo, kichwa chini

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemfundisha kupiga picha alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yake pikipiki zilikuwa zinapita na mvua inapiga mabati. Aliuliza swali moja tu, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, weye unafanya aje siku huoni kitu cha kupiga?"

Nilisikiliza mara mbili nikiwa nimesimama jikoni. Najua majibu yanayotolewa kwa swali hilo: badilisha njia, amka alfajiri, beba lenzi moja tu, piga kitu kilekile kila siku. Ni mashauri mema na mengine nimeyatoa mwenyewe. Lakini mwaka 2021 nilipofikia hapo alipo yeye, nilikuwa nimeyafuata yote. Nilibeba lenzi ya milimita 50 peke yake. Nilishuka Kituku, kando ya Ziwa Kivu hapa Goma, kabla ya jua kuwakuta wavuvi wakirudi na sambaza, wale samaki wadogo. Nilibadilisha njia mpaka nikachoka miguu. Nilirudi nyumbani na picha safi zilizopimwa vizuri, zisizoniambia chochote.

Ilikuwa baada ya mlima. Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ilipasuka Jumamosi jioni, 22 Mei, na sisi tuliokuwa na kamera tulifanya kazi tuliyoweza. Nilipiga mbingu nyekundu, magodoro kichwani, watu wanaokwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na wanaokwenda Sake, na kesho yake jiwe linalofuka moshi kule Buhene huku watoto wakiwa tayari juu yake. Tarehe 27 tukaamriwa kuondoka, mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Juni tukarudi. Tangu hapo kila aliyenipigia simu alitaka kitu kilekile: mtoto juu ya lava, mama na bidon (dumu) la manjano, chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, limepakia mpaka juu. Na mimi nilijua kuvitoa. Wanaopiga hapa kwetu wanajua kwamba jiwe letu jeusi huidanganya kamera, kwa sababu kipimo chake cha mwanga hutaka kila kitu kiwe cha kijivu, na lava hutoka imepauka kama majivu ya jikoni. Dawa yake ni kupunguza mwanga hatua moja, pengine zaidi. Nilifika mahali kidole changu kinapunguza hatua hiyo kabla macho hayajatazama kilicho mbele. Siku nilipogundua hilo, niliiweka kamera kwenye mfuko wake na kuufunga.

Kisha malaria ikanishika. Mama yangu mdogo, anayeuza maharage, hakutaka kusikia habari za mimi kulala peke yangu Himbi. Alikuja na pikipiki mbili, moja yangu na moja ya vitu vyangu, akanipeleka kwake Majengo. Kamera ilikuja kwa sababu aliona si vizuri kuiacha.

Nyumba yake ni ya mbao, kama nyingi za mtaa ule. Watu husema mbao hubomolewa na kuhamishwa, jiwe halihamishwi, na baada ya lava ya 2002 kuzika sehemu ya mji hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Ndani, kuta zimezibwa kwa katoni na shitingi za plastiki ili vumbi na baridi visipite. Chumba nilichopewa ndicho anachowekea magunia, na kimegawanywa katikati kwa shuka jeupe lililotundikwa kwenye kamba. Macho yalikuwa yananiuma mwanga, kwa hiyo akafunga dirisha la mbao na kuning'iniza blanketi juu yake. Nikalala humo nikisikia barabara bila kuiona.

Asubuhi moja homa ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimegeukia shuka, sina nguvu ya kugeukia kwingine. Mwanzo nilidhani ni uchafu wa kitambaa. Kulikuwa na doa jeusi sehemu ya juu na weupe uliopauka sehemu ya chini, na kati yao vitu vilivyokuwa vinatetemeka. Nilifumba macho nikafumbua. Kitu kimoja kikatembea. Kilipita taratibu sehemu ya juu ya shuka, kirefu, kimeinama mbele, na chini yake kikaning'inia kitu cha mviringo chenye rangi ya manjano hafifu. Wakati huohuo nikasikia kule nje gurudumu la mbao likigonga jiwe, ile sauti ambayo mtu wa Goma haulizi ni ya nini.

Lilikuwa chukudu. Lilikuwa linapita kwenye shuka la mama mdogo, magurudumu juu, mzigo chini, na mwenye chukudu kichwa chini amelisukuma. Sauti ilikwenda upande wa uwanja wa ndege. Picha ilikwenda upande wa ziwa.

Siwezi kueleza vizuri furaha ile, na sitaki kuipunguza. Nililala pale nimeshika pumzi. Baada ya chukudu akapita mwanamke mwenye beseni, naye miguu juu. Akapita mbuzi. Pikipiki ilipita upesi hivi kwamba niliona kivuli tu. Kadiri macho yalivyozoea giza ndivyo shuka lilivyozidi kujaa: paa la ng'ambo, waya wa umeme, ukuta wa jiwe wenye mistari myeupe ya saruji, vyote vimegeuka. Mbingu ilikuwa chini, karibu na magunia ya maharage. Ardhi nyeusi ilikuwa juu. Na katikati ya vyote hivyo palikuwa na umbo moja ambalo halikutembea.

Nilitafuta na kuliona tundu. Fundo la mti lilikuwa limedondoka kutoka kwenye ubao unaotazama barabara, na katoni pale pamechanika. Tundu lenyewe lilikuwa kubwa kama punje ya haragwe. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga ng'ambo ya barabara, chumba kilikuwa na giza, shuka lilikuwa jeupe. Hakuna kingine kinachohitajika. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ule wa paa huingia tunduni ukishuka na ule wa ardhini huingia ukipanda, na ndani vyote vimebadilishana nafasi. Ibn al-Haytham wa Basra aliyachunguza mambo haya Kairo karibu miaka 1000 iliyopita. Nilikuwa nimeyasoma, nilikuwa nimewafundisha wengine kwa chaki ubaoni, na sikuwa nimewahi kuyaona.

Nilimwita mama mdogo. Akaja na mwiko mkononi akifikiri homa imerudi. Nikamwambia afunge mlango na angoje. Alingoja kidogo, akaona, akasema, "Yesu wangu." Kisha akakaa kando yangu kitandani, na chakula kikaungua.

Kesho yake nikafungua mfuko wa kamera. Tripodi ilikuwa imebaki Himbi, kwa hiyo nikaiweka kamera juu ya gunia la maharage na kulibonyeza mpaka likaishika. Niliiacha wazi sekunde 30 kwa ISO 400, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, na tundu la lenzi likiwa wazi f/2.8. Picha ikatoka na michirizi ya watu kama moshi. Nikateremsha ISO mpaka 100 na kuacha kamera wazi dakika mbili. Hapo barabara ikawa tupu. Pikipiki zote, wanafunzi, mbuzi, kila kilichokuwa kinatembea kilifutika. Likabaki lile umbo moja.

Alikuwa mama anayeuza makala, yaani makaa, ng'ambo, mbele ya ukuta wa jiwe. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake, magunia pembeni, ndoo ndogo za kupimia mbele yake, na hakusogea kiasi cha kufutika. Nilikumbuka picha ambayo Daguerre aliipiga Paris mwaka 1838 kutoka dirishani, ya barabara kubwa iliyojaa watu na magari ya farasi. Kwa kuwa ilihitaji dakika kadhaa, wote walipotea isipokuwa mtu mmoja aliyesimama akipigwa viatu rangi. Husemwa ndiye mtu wa kwanza kuonekana kwenye fotografia. Na baadaye nilijifunza kwamba Abelardo Morell, mzaliwa wa Cuba anayefanya kazi Marekani, amekuwa akigeuza vyumba vizima hivi tangu 1991, na mwanzoni aliacha kamera yake wazi hata kwa muda wa saa nane nzima. Sikuvumbua kitu. Lakini hakuna aliyekuwa ameipiga barabara ya Majengo hivyo, na mama yule nilikuwa nimempita mara nyingi nikienda kutafuta kitu cha kupiga.

Nilipopona nilitengeneza picha ile kubwa kidogo na kumpelekea. Aliishika kwa ncha za vidole asiichafue. Aliigeuza ili yeye awe wima, hivyo mikunjo ya shuka ikawa ndiyo iliyo kichwa chini.

"Njo miye huyu?"

"Ndiyo, mama."

Aliitazama muda mrefu. Nilisubiri neno zuri, nakiri nilikuwa nalisubiri sana.

"Sasa watu wangu wako wapi? Siku hiyo asubuhi niliuza sana."

Nikamweleza habari ya dakika mbili, kwamba anayetembea hashikwi, anayekaa ndiye anashikwa. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wengi. Ila hakukubali. Alisema mtu akiiona picha ile atadhani makala yake hayanunuliwi. Atadhani yeye ni mjane asiye na mtu, na yeye ana mume, ana watoto, ana wateja wanaotoka mpaka Mabanga. "Umenipiga vizuri," akasema, "lakini umenipiga peke yangu. Njoo Jumamosi. Uje na kamera mkononi, usijifiche nyumbani."

Maneno yale yalinikaa. Nilikuwa nimeiona picha ile kama ukweli ulionifikia wenyewe, bila mkono wangu wa mazoea. Naye aliiona kama picha iliyowafuta watu anaoishi nao. Mpaka leo sijaweza kumpa haki mmoja wetu na kumnyima mwingine. Naipenda picha ile kuliko karibu zote nilizowahi kupiga, na kila nikiitazama nawatafuta wateja wake.

Jumamosi nilikwenda. Makala yalikuwa yameshuka, magunia yamepangwa, na yeye amevaa kikwembe kipya na bado anapima kwa mikono myeusi. Nilipiga kwa sekunde 1/250, jua tupu. Wateja walisukumana ndani ya picha, mmoja akashika ndoo juu, mtoto akajiingiza chini ya mkono wa mtu nisiyemjua. Ni picha ya kawaida kabisa, ya mtu na kazi yake na watu wake. Nilitetemeka nikiipiga. Sikuwa nimetetemeka hivyo tangu Mei, na wakati ule ilikuwa ni woga.

Yule kijana anataka njia. Ningeweza kumwambia alale chumba chenye giza agojee, lakini nimeshatoboa matundu mengine kwa makusudi, katika nyumba nyingine. Picha hutokea kila mara kwa sababu mwanga hauna ubaguzi, na kuna siku imetokea vizuri kabisa na mimi nimebaki baridi. Sijui kama ni tundu lililonifungua, au malaria iliyonilaza, au mama aliyenikatalia. Ninaelekea kwa huyo wa tatu, bila uhakika.

Picha ya Jumamosi ilitundikwa kwenye ukuta wa jiwe ndani ya plastiki. Haikupita muda, mama wa nyanya aliyekuwa hatua chache pembeni akaja kuuliza zamu yake ni lini, naye alizitaka mbili, ya peke yake na ya watu. Ila tundu lilimwona nusu tu. Akahamisha meza yake. Wa makala akasema meza imemzibia, wakabishana, wakapatana kwa siku. Mwisho mama mdogo akaweka sheria: picha ni asubuhi tu, wasizidi wawili, na kazi iwe imekwisha kabla hajapeleka maharage sokoni, kwa sababu gunia lililoishika kamera ndilo la kuuza.