Onam bila samaki

Nilikuwa nimeshamaliza mwaka mzima wa masomo Bangalore, na bado nikijidai kwamba chakula cha Kihindi nakijua. Sisi wa Tanga tumekua na Wahindi: sambusa, bajia, kachori, biriani ya harusini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikivisaka kila nikitoka hosteli. Idli za asubuhi za kantini, vile vikate vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, nilizila kwa kukosa jinsi.

Septemba 2014 rafiki yangu wa darasani akanichukua kwao Thrissur, jimbo la Kerala, kwa Onam, sikukuu ya kumpokea mfalme wao wa kale, Mahabali, ambaye husemwa hurudi mara moja kwa mwaka kuwajulia hali raia zake. Tulisafiri kwa treni ya usiku. Kulipopambazuka, dirishani minazi mitupu.

Jikoni nikamkuta mama yake, tuliyemwita Amma, amekalia mbuzi anakuna nazi. Mbuzi hasa! Kibao cha kukalia, chuma chenye meno mbele, sinia chini. Nikaomba nimpokee. Akanipisha kwa shingo upande. Nilipofika kifuu cha pili akawaita majirani waje wajionee. Tui lilikamuliwa mara tatu. Zito likawekwa kando, jepesi likatangulia sufuriani. Kwa bibi yangu ni vivyo hivyo: tui zito huingia mwisho, moto umeshapunguzwa, lisije likakatika.

Mchana tukakaa mkekani, kila mtu na jani lake la mgomba, ncha nyembamba kushoto. Wagawaji wakaanza kupita: chipsi za ndizi zilizokaangwa kwa mafuta ya nazi, achari, tangawizi iliyopikwa kwa ukwaju na sukari guru, avial ya mboga chungu nzima zilizochanganywa na nazi na mtindi, boga, wali mwekundu wa punje nene uliomwagiwa dengu na samli. Halafu olan: kunde na mung'unye ndani ya tui, pilipili mbichi kidogo, basi. Ungeapa imepikwa Pangani. Nikaongezwa, nikaongezwa tena.

Ila mlo wote ule, na hata mkia wa samaki hamna! Sikukuu gani hiyo kwa watu wa pwani? Nilimnong'oneza rafiki yangu, lakini shemeji yake akanisikia. Yeye ni wa Kannur, kaskazini mwa jimbo lilo hilo, akadakia kwamba kwao Onam ina samaki na kuku. Hawa wa Thrissur wanajinyima tu. Amma akamjibu kwa Kimalayalam, lugha yao, maneno machache, mkeka mzima ukaangua kicheko. Nilidai nitafsiriwe, wakagoma.

Mwisho ikaja payasam, uji mtamu wa tui, sukari guru na iliki. Nikaelekezwa nivunjie ndizi mbivu na papadi humo humo juu ya jani, nichote kwa mkono. Kuchota uji juu ya jani ni ufundi. Nilikimbizana nao hadi ukingoni.

Kesho yake shemeji akaamkia sokoni, akarudi na nguru. Akampika mwenyewe chunguni kwa pilipili nyekundu na kodampuli, tunda chachu lililokaushwa kwa moshi, ambalo hapo hushika nafasi ya ukwaju. Mchuzi ulitutoa jasho sote. Amma akasema samaki ni wa siku za kawaida, na leo ni siku ya kawaida, akajipakulia kichwa.