Unga wa Kijivu

Mwaka wa mwisho wa kusomea utabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hauna darasa. Ukimaliza miaka 4 na nusu ya vitabu unakabidhiwa wagonjwa kwa mwaka mzima wa mazoezi, na mwaka huo mimi niliutumikia Jamnagar, jimbo la Gujarat, katika chumba cha wagonjwa wa nje chenye feni iliyokuwa na kelele nyingi kuliko upepo. Karibu wote waliopita pale walikuwa na maradhi sugu: magoti, kisukari, pumu, ngozi, tumbo lisilotulia. Mwenye homa ya jana haji kwa wanafunzi wa Ayurveda. Wanakuja waliokwisha kuzunguka kote.

Katikati ya mvua za Julai aliingia bibi mmoja, kashikwa mkono na mkwewe. Nikamsalimu kwa Kigujarati changu cha kuokoteza. Akanipima kwa macho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili: "Kijana, wewe mtu wa Kenya ama Tanzania?"

Nusura kalamu inidondoke. Baadaye nilikuja kuzoea, maana vijiji vinavyoizunguka Jamnagar vimetoa Waoshwali wengi, jamii ya Wagujarati, waliokwenda kufungua maduka Kenya, na yeye alikuwa ameishi Thika tangu alipoolewa hadi alipofiwa na mume.

"Tanzania, Ba," nikamjibu. Wanawake wa umri wake huko huitwa Ba. "Shikamoo."

"Marahaba. Haya, nipake mafuta. Vidole vimekufa."

Vidole vyenyewe sikuhitaji kuvitafuta. Vifundo vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba, tena kwa kulingana, kulia kama kushoto, na asubuhi ilimchukua zaidi ya saa nzima kabla hajaweza kushika kikombe. Hospitali ilishampima miaka iliyopita na kumwambia ni ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Alipewa methotreksati, dawa ya kuituliza kinga hiyo, ya kumeza mara moja kwa wiki. Aliimeza wiki aliyokumbuka.

Sisi ugonjwa wake tunauita amavata. Madhavakara aliutengea sura yake katika kitabu chake cha utambuzi wa magonjwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na maelezo yake ni kwamba chakula kisichosagika vizuri huacha uchafu unaoitwa ama, ambao vata, yaani nguvu ya upepo mwilini, huubeba na kuutupa kwenye maungio. Mtu anaweza kuyakubali maelezo hayo au kuyakataa, ila yana agizo moja linalowashangaza wanaodhani Ayurveda ni kukandwa mafuta tu: kiungo kikiwa bado kimevimba na kina joto, mafuta hayapakwi. Kinachotumika ni mchanga mkavu, unakaangwa kwenye karai, unafungwa kwenye kitambaa, mtu unaujaribia kwanza mgongoni mwa mkono wako, halafu unaugusisha kwenye vifundo, unaondoa, unagusisha tena.

"Nimekuja kupakwa mafuta," Ba akalalamika, "kumbe hapa mnapika mchanga!"

Wakati mchanga unapata moto niliendelea na maswali. Kwa kweli kazi ya maradhi sugu ni maswali zaidi kuliko dawa. Njaa inakuja saa ngapi? Choo je? Mtindi unakula usiku? Usingizi unakatika mara ngapi, na ni maumivu au ni mawazo? Anajibu huku anacheka, anasema hata mama mkwe wake hakuwahi kumchunguza hivyo. Mwisho nikauliza swali ambalo mwalimu wetu alitukataza kulisahau: na nini kingine unameza?

Kimya. Mkwe akafungua mkoba, akatoa vipakiti vya karatasi vilivyokunjwa pembetatu. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu, hauna jina wala maelezo. Kulikuwa na muuzaji aliyepita mitaani akisema ni mizizi ya mlimani. "Huo ndio dawa," Ba akasema. "Siku mbili tu, maumivu kwisha."

Nikamtazama upya. Mashavu yalikuwa yamejaa na kuviringana ilhali mikono yake ilikuwa imekonda. Ngozi ya kigasha ilikuwa nyembamba, ina mabaka ya zambarau mahali ambapo hakumbuki kujigonga. Mkwe akaongeza kwamba sukari ilianza kupanda mwaka ule ule. Nikaenda kumwita mwalimu. Alivitazama vile vipakiti, akaitazama mikono, akanong'ona: "Mzizi gani unaofanya kazi kwa siku mbili?"

Tulishuku steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe ambayo ikizidi hujaza mashavu namna ile, iliyosagwa na kuchanganywa, jambo linalojulikana sana katika dawa za viungo zinazouzwa mitaani. Mkwe akataka kuumwaga wote pale pale kwenye sinki. Mwalimu akamshika mkono. Mtu akimeza steroidi kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza ya kwake. Akikatiza ghafla, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na uhai ukawa hatarini. Tukaandika barua kwa daktari bingwa wa viungo, tukaambatanisha vipakiti viwili, na Ba akapelekwa siku ile ile. Huko aliwekwa kwenye steroidi ya kipimo kinachojulikana, ipunguzwe pole pole. Sehemu yetu ilibaki mchanga, maji ya tangawizi kavu, chakula chepesi cha jioni, na kuhakikisha methotreksati inamezwa siku yake, bila mitishamba mingine inayoweza kulitesa ini.

Kabla hajaondoka aliniuliza: "Nitapona?"

Charaka, tabibu wa kale wa Ayurveda, aliyagawa magonjwa: yanayopona kwa wepesi, yanayopona kwa taabu, yasiyopona ila hushikika, na yasiyo na tiba. Fungu la tatu linaitwa yapya, na Sushruta, tabibu mwingine wa kale, alilifananisha na nyumba inayotaka kuanguka ikawekewa nguzo nzuri. Mimi tabibu anayeahidi kuliponya fungu hilo simwamini, awe na shahada ya aina yoyote. Nikamwambia Ba hayo yote, pamoja na nyumba na nguzo yake.

"Nguzo ikitolewa?"

"Inaanguka, Ba."

"Basi usitoe."

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Kila kipimo kilipopunguzwa maumivu yalirudi, naye alinitukana kwa Kiswahili safi cha Thika mbele ya foleni nzima, ambayo haikuelewa neno. Mwalimu aliniuliza anasema nini. Nikasema anashukuru.

Baada ya sikukuu ya Diwali alikuja bila kushikwa mkono. Nyuma yake alikuwa amemburuta jirani yake, mama mnene mwenye mashavu ya kuviringana, na kabla sijasalimu akamnyang'anya mkoba, akamwaga vipakiti vya pembetatu mezani kwangu.

"Huyu pia anakula ile unga," akasema. "Kaanga mchanga."