Baki 640

Programu niliyoandika jioni ile haikuzidi mistari kumi, na kazi yake ilikuwa moja: kutafuta kigawo cha 4,294,967,297. Nikaiendesha. Kwa 3, baki 1. Kwa 5, baki 1. Kwa 7, kwa 11, kwa 13, baki 1. Skrini ikajaa moja tupu. Nilishaanza kuamini kwamba nina namba tasa mkononi, mpaka jicho lilipotua kwenye mstari wa 5. Namba inayoishia na 7 ukiigawa kwa 5 inabaki 2. Hilo halihitaji kompyuta.

Kumbe nilikuwa nimeiweka namba kwenye nafasi ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1), ambayo ikifika 4,294,967,295 imejaa. Ongeza 1, inarudi 0. Ongeza tena, inasoma 1. Muda wote ule programu ilikuwa inaigawa 1.

Nikasogeza kibodi pembeni, nikachukua kalamu. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliona ndugu zake wadogo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa, akaamini na huyu ni tasa. Mwanahisabati mwenzake Euler alimkosoa mwaka 1732. Kinachookoa muda ni hiki: kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kiwe kigawe cha 64 ukijumlisha 1. Kwa hiyo unaruka moja kwa moja hadi 193, kisha 257, 449, 577, 641.

Wala huigawi namba nzima. Chukua 256, ondoa vigawe vya namba unayoijaribu, shika baki. Lizidishe kwa lenyewe, shika baki. Rudia mara moja tena, kisha jumlisha 1. Ukipata kigawo chenyewe, umefika. Kwa 193 mabaki yalikuwa 63, 109, 108. Jumla 109, hapana. Kwa 257 ilikwisha haraka: 65,536 inabaki 1, jumla 2. Kwa 449 baki lilikuwa 431, nikaliandika hasi 18 ili mraba uwe 324 tu (ukizidisha 431 kwa 431 kwa mkono unajitafutia makosa). Jumla 325. Kwa 577, jumla 288.

Halafu 641. Baki la 65,536 ni 154. Mraba wake 23,716. Nikazidisha 641 kwa 37: 23,717. Imepungua 1 tu! Yaani baki 640, na ile 1 ya mwisho inakamilisha 641.

Kuna uthibitisho mfupi zaidi, unaotumia 641 = 625 + 16 na 641 = 5 × 128 + 1. Ni mtamu, ila unakutaka uwe unaijua 641 tayari.

Ukiigawa namba yetu kwa 641 unapata 6,700,417. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na mwanahisabati Lucas aliibana kanuni ile ya Euler ya vigawo kutoka 64 hadi 128, hivyo tasa za kujaribu ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki: 170, 44, 120, 334, 622. Hakuna sifuri; nayo ni tasa.